Mvumo Katika Kaseti ya Lugufu

Mimi ni fundi wa sauti, na nasema hivyo bila kuona haya. Wapo mafundi wengine hapa mjini Baraka, mashariki ya Kongo, siwakatai. Wanauza bafle, masanduku ya spika makubwa kama mlango wa kanisa, kisha wanakuambia ongeza sauti, kila kitu kitakuwa sawa. Mimi siuzi kelele. Ukiniletea amplifaya inayokoroma, sikuulizi ni ya aina gani wala uliinunua wapi. Nakuuliza umeme unautoa wapi. Watu hucheka. Wanadhani umeme ni umeme tu, kama wanavyodhani maji ni maji mpaka tumbo liwaume.

Jina langu ni Gentille. Karakana yangu ni chumba cha mbele cha nyumba ya mama, na nimewatengenezea sauti watu wa mji huu kuanzia wauza bia hadi wachungaji. Lakini kwa miaka yote hiyo kulikuwa na sauti moja nyumbani kwetu iliyonishinda. Ilikuwa sauti ya mama yangu mwenyewe, na jambo hilo liliniudhi kuliko ninavyoweza kueleza.

Vita vilipotufukuza Fizi tulivuka ziwa, tukaishi miaka mingi katika kambi ya Lugufu, Tanzania. Huko mama, Émilienne, alikuwa kwenye kwaya ya wanawake. Mwaka wa tisini na tisa, Jumapili moja, mtu mwenye redio ya kurekodi aliitega chini ya turubai la kanisa, akachukua wimbo mmoja wa dakika sita. Mwanamke mmoja anaimba peke yake, wengine wanamwitikia. Tangu nikiwa na meno ya utoto mama ananiambia kwamba mwanamke huyo ni yeye.

Tuliporudi Baraka alipasuliwa tezi la shingo. Tezi likatoka, na sauti ikaondoka nalo. Sasa anazungumza kwa kukwaruza, na akitaka kumwita mtu aliye uani hugonga sufuria kwa kijiko. Watoto wa kaka yangu, ambao wanakaa kwetu, wanampenda sana, lakini watoto hawajui kuficha. Nimewasikia kwa masikio yangu wakimuuliza bibi yao: "Koko, we uliimba? Na sauti gani?"

Halafu yupo Mama Rosette. Anakaa Ubwari, rasi iliyo ng'ambo ya maji, na anasema sauti ya kwenye kaseti ni yake. Kila mwamba ngoma huivutia kwake. Wanawake hawa wawili walilala chini ya paa moja Lugufu na kupika katika sufuria moja, lakini kwa sababu ya dakika sita za wimbo walifikia mahali pa kusalimiana sokoni kama watu waliokutana kwenye foleni ya ofisi.

Kaseti ingewaamua, maana mama aliitunza katika kopo la maziwa ya unga kama mtu anavyotunza hati ya shamba. Tatizo ni kwamba haikusikika. Kwenye redio ndogo ya betri, spika ni ndogo mno, kila mwanamke anasikika kama mwenzake. Kwenye amplifaya yangu yenye bafle mbili nilizozitengeneza mwenyewe, unakuja mvumo, kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe, na wimbo wote unazama humo. Mvumo haukuwa ndani ya kaseti. Ulikuwa unatoka ukutani.

Umeme wetu tunaupata kwa jirani, Casimir. Ana jenereta kubwa inayoendesha mashine yake ya kusaga mihogo na friji zake za samaki, na waya wake unapita nyumba kumi na moja kabla ya kufika kwetu. Friji ikiamka, taa zetu zinasinzia. Mashine ikianza kusaga, bafle zinakohoa. Kila mmoja njiani anatia uchafu wake kidogo, na sisi tulio mwisho tunakunywa wote.

Wanawake wa kwaya ile waliorudi hukutana mara moja kwa mwaka, mwezi wa nane, nyumbani kwa mmoja wao. Mwaka huu ilikuwa zamu ya mama. Wiki tatu kabla ya siku yenyewe aliingia karakana, akaweka kopo la maziwa mezani kwangu, juu ya kazi za watu.

"Gentille, mi niko nazeeka," akasema. "Nataka batoto banisikie mara moja tu. Na Rosette asikie. Kisha siombi tena kitu."

Mama si mtu wa kuomba. Nikamwambia atasikika mpaka Ubwari.

Nilianza nyuma ya jiko, pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa kila siku, kwa kuwa udongo mkavu haupokei kitu. Nikapigilia fimbo ya shaba yenye urefu wa mita mbili, nikaizungushia makaa na chumvi, nikavuta waya mnene hadi chumbani ili uchafu wa umeme upate pa kwenda. Nikanunua kifaa cha kushika umeme usipande wala kushuka ovyo. Kisha nikatengeneza chujio. Gordien, Mrundi anayetengeneza simu kule kambi ya wakimbizi ya Lusenda, mtu mwenye mikono mizuri na maneno machache, alinipa pete mbili nyeusi zilizotoka kwenye mashine iliyokufa. Nilizungusha waya wa shaba juu yake mpaka vidole vikachubuka, nikaongeza vipande vingine vya kumeza kelele, nikaviweka vyote ndani ya sanduku la mbao nililolipiga randa na kulipaka vanishi. Upande wa mbele nikaandika jina langu. Niliandika kwa herufi kubwa, kwa nini niwe na aibu?

Casimir, ambaye umeme huuita courant kwa Kifaransa, alikuja kutazama, mikono nyuma.

"Gentille, banasema uko nafua courant yangu. Iko na uchafu gani?"

"Iko na samaki na mihogo ndani, papa Casimir."

"Courant ni courant," akasema, na akaenda kuwasimulia watu, nao wakapata la kuchekea kwa wiki nzima. Niliwaacha. Kanisani nilitangaza kwamba Jumamosi ya mkutano nyumba yetu itakuwa na sauti safi kuliko nyumba yoyote kati ya Baraka na Fizi. Najua, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini mimi hakuna aliyekuwa amenisifu bado, ilibidi nianze mwenyewe.

Jumamosi asubuhi mama alikwenda sokoni kutafuta sombe, majani ya muhogo, na samaki. Nilikuwa peke yangu. Nikachomeka sanduku kwenye waya wa Casimir, amplifaya kwenye sanduku, nikatia kaseti, nikabonyeza.

Mvumo haukuwepo. Nilisimama katikati ya chumba nikajipigia makofi, mtu mzima wa miaka thelathini. Wanawake wa Lugufu waliitikia upande wa kushoto na upande wa kulia, nikawahesabu karibu mmoja mmoja. Kisha ile sauti ya peke yake ikaingia, na mikono yangu ikasimama hewani.

Haikuwa ya mama. Mimi nilikulia mgongoni kwa sauti ya mama kabla ya kisu cha daktari. Ilikuwa nzito na ya chini, ukiegemea kifua chake unaisikia kwa mifupa. Hii ilikuwa nyembamba na ya juu, na kila mwisho wa mstari ilikatika kidogo kama inayotaka kulia. Mwanamke mmoja tu anakata maneno hivyo hata leo akiulizia bei ya nyanya. Ilikuwa ya Mama Rosette. Sikumaliza hata ubeti wa kwanza. Nikazima, nikakaa chini.

Kwanza nilimkasirikia mama. Miaka ishirini na zaidi ya uongo, mbele ya wajukuu. Halafu nikajikasirikia mimi, maana hakuna aliyekuwa ameweza kumuumbua mama yangu katika mji huu mpaka binti yake alipozungusha waya kwenye pete.

Akarudi na kikapu kichwani. "Inasikika?" akauliza.

"Inasikika, mama."

"Si nilikwambia," akasema, na akaenda kupika. Alitembea kama msichana, na mimi sikuwa na moyo wa kumfuata.

Wageni walianza kufika saa sita mchana. Walikuwa wanawake kumi na wanne, wote kwenye vikwembe vya sare, wengine kutoka hapa mjini, mmoja kutoka Lubondja, na wengi kutoka Ubwari waliokuwa wamekaa kwenye boti tangu asubuhi. Mama Rosette aliingia wa mwisho. Yeye na mama walishikana mikono kwa ncha za vidole.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo kwetu halihitaji maelezo. Vijiji vingi vya Ubwari umeme wake ni paneli ndogo ya kuwasha taa mbili. Mtu akija Baraka, kabla hajaomba maji ya kunywa anatoa simu na chaja. Kumkatalia ni kama kumnyima chumvi, utasemwa hadi kwenye mazishi yako. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku hizi mgeni anakuja na chaja yake. Basi mama, mwenye nyumba, mwenye siku yake, alizunguka chumba na sinia akikusanya simu za wenzake. Akaona sanduku langu zuri lenye vanishi, na pembeni yake mkia wa soketi sita, ule waya wa kugawia umeme niliouchomeka kwenye sanduku kwa ajili ya amplifaya. Akachomeka. Ilipobaki soketi moja akaleta mkia mwingine mrefu zaidi, akauchomeka hapo. Mimi nilikuwa uani nikipanga viti.

Watu waliposhiba, mama akanipa ishara kwa kidevu. Nikabonyeza.

Mvumo ulirudi, na haukurudi peke yake. Ulikuja na mlio mwembamba juu yake, kama mbu sikioni. Kwaya ikazama yote. Watoto wa kaka yangu wakatazamana. Casimir, ambaye hakualikwa lakini alikuwa amesimama mlangoni tangu harufu ya samaki ilipotoka jikoni, akasema, "Gentille, courant imefuliwa?" Na wanawake kumi na wanne wakacheka kwa adabu, jambo linalouma kuliko kucheka bila adabu.

Nilizima. Nikafuata waya kwa macho, nikaona zile chaja, kumi na tatu, za bei ya chini kabisa, kila moja ikitema kelele yake ndani ya umeme wangu safi, upande wa ndani wa chujio, pasipo kinga. Nililinda mlango wa mbele wiki tatu, na mwizi amekaribishwa na kupewa kiti. Kikulacho ki nguoni mwako.

Na papo hapo nikaona kwamba naweza kuacha. Nilihitaji kusema tu kwamba umeme wa Casimir ni mbaya, wote wangeniamini, hata Casimir. Mama angebaki na wimbo wake na Rosette na wake, watoto wasingejua kitu, na mimi ningechekwa mwezi mmoja. Ningeweza kubeba mwezi mmoja. Nilimtazama mama. Alikuwa ameweka mkono kwenye kovu lake la shingo, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefika kwenye boti akakuta imeondoka.

Mama Rosette akasema kwa upole, "Acha tu, mutoto. Kaseti imezeeka. Na siye tumezeeka."

Ningependa kuandika kwamba ni uaminifu ulioniinua. Haikuwa hivyo. Ilikuwa hasira. Sipendi kuhurumiwa kazini kwangu. Lakini sikutaka kumvua mama nguo mbele ya watu bila ruhusa yake, kwa hiyo niliinama sikioni mwake.

"Mama, nikiisafisha utasikia kila kitu. Kila kitu kabisa, hata kile hautaki. Niendelee?"

Alinitazama usoni. Mama si mjinga, aliona nilichokuwa nimebeba tangu asubuhi.

"Safisha," akasema.

Simu za wageni sikuzigusa, hilo lisingefanyika. Nilichomoa amplifaya kutoka kwenye sanduku langu mwenyewe, lenye jina langu, nikaliacha liendelee kulisha simu za Ubwari. Nikaenda kuleta betri ya gari ninayowashia taa ya karakana. Amplifaya yangu na mashine ya kaseti vyote vinakubali betri, ila nilikuwa nimedharau njia hiyo, kwa sababu kwenye betri sauti inapungua nusu nzima, na mimi nilitaka wimbo utoke hadi barabarani. Nikafunga waya mwekundu, nikafunga mweusi. Hapakuwa tena na Casimir, wala friji, wala mihogo, wala chaja.

"Bamama, mukuje karibu," nikasema. "Sauti itakuwa kidogo."

Wakavuta viti na mikeka. Wakakaa magoti kwa magoti, watoto miguuni mwao. Nikabonyeza.

Nyuma ya wimbo hapakuwa na kitu chochote. Sijawahi kusikia utupu mzuri namna ile. Tulisikia turubai la kanisa likipigwa na upepo. Tulisikia mtoto mchanga akikohoa, na mwanamke wa Lubondja akasema taratibu kwamba huyo ni wake, sasa ana watoto watatu. Kisha sauti ya peke yake ikaanza ubeti wa kwanza, nyembamba, ya juu, ikikatika mwisho wa mstari, na hakukuwa na mtu chumbani ambaye hakuijua.

Mama aliinamisha kichwa. "Ni Rosette," akasema kwa sauti yake ya kukwaruza, ili watoto nao wasikie. "Haiko mi."

Nilipeleka mkono kuzima. Mama Rosette akanishika kifundo cha mkono. Nilidhani anataka kufurahia ushindi wake hadi mwisho, nikawa tayari kumjibu. Lakini alikuwa anamtazama mama.

"Acha iende," akasema.

Kwaya ikaitikia, ikanyamaza. Na hapo, katika pengo lile dogo kabla ya ubeti wa pili, pakatokea kitu ambacho hakuna spika iliyowahi kukitoa. Sauti nyingine ilisema mstari mzima upesi, chini kwa chini, haikuuimba. Ndipo Rosette akauimba. Sauti ile ikasema mstari wa pili. Rosette akauimba.

Lugufu hakukuwa na vitabu vya nyimbo, vilibaki katika nyumba zilizochomwa. Kwa hiyo aliyekuwa na maneno kichwani alisimama nyuma ya mwimbaji na kumpa mstari mmoja mmoja, mbele kidogo ya wimbo. Kila kwaya ilikuwa na mtu kama huyo, na hakuna aliyemkumbuka, kwa sababu kazi yake ilikuwa kutosikika. Huyu tuliyemsikia alikuwa na sauti nzito, ya chini. Niliijua kwa mifupa.

Ubeti wa tatu, Rosette wa kwenye kaseti alianza, akakatika, na hakuendelea. Kwaya ikangoja. Sauti nzito ikampa mstari. Kimya. Ikampa tena, polepole zaidi. Kimya, na mtu akivuta pumzi za kulia. Mara ya tatu haikusema tena, iliimba, kidogo tu, maneno manne, ikimwinua kama unavyomwinua mtu kwa kwapa. Na Rosette akainuka, akaenda na wimbo hadi mwisho.

Mashine ikabofya.

"Ile wiki nilikuwa nimezika mutoto yangu Merveille," Mama Rosette akasema. Hakuwa anamwambia mtu mmoja. "Alikuwa na miaka ine. Sikukuwa na neno hata moja mu kichwa. Émilienne uyu alikuwa nyuma yangu, mukono yake ku mugongo yangu, ananipatia neno moja moja kama mutoto unamulisha. Miaka yote minasema niliimba mi peke yangu. Haiko vile. Na hii kelele iliporudi leo, nilifurahi. Nilisema, Mungu amenificha."

Mama alikuwa na sura ya mtu anayetafuta kitu mfukoni. "Mi nilikuwa najua niliimba," akasema. "Maneno yote ilipita ku kinywa yangu. Sikusema bongo, sikudanganya, Rosette. Nilikuwa najua vile."

"Yote ilipita," Mama Rosette akasema. "Yote."

Mtoto mdogo wa kaka yangu, Eddy, ambaye ana miaka saba na hana subira, alimvuta mama kikwembe. "Koko, ule wa kusema mbele ya bote, ni we?"

"Ni mi."

"Hata alipolia?"

"Hata alipolia."

Eddy akasogea, akakaa kabisa juu ya miguu ya bibi yake, kama mtu anayechukua kiti kabla wengine hawajakiona.

Nimetengeneza sauti nyingi, na nitaendelea kujisifu, msitegemee nibadilike. Lakini fahari niliyoihisi siku ile haikuwa ya sanduku wala ya betri. Nilikuwa binti wa mwanamke aliyeushika wimbo mzima mgongoni mwa mwenzake, na hadi mchana ule hata yeye mwenyewe hakujua ni kazi gani aliyoifanya. Nilitaka kutoka nje nikawaambie watu wa barabarani. Casimir aliniwahi, alikuwa amevua kofia na ameshaanza kuwasimulia.

Wanawake wakaniomba nirudishe mwanzo. Nilipokuwa nairudisha kaseti, Mama Rosette alisimama, akabeba kiti chake, akakiweka mbele ya mama, mgongo kwake. Mama akauweka mkono wake mgongoni pale, katikati ya mabega. Alisafisha koo, ikatoka ile sauti yake ya kukwaruza, akatoa mstari wa kwanza.

Rosette akauimba. Wenzao wakaitikia, na watoto nao wakaitikia walichoweza. Nikachomoa waya mwekundu, kisha mweusi, nikakaa sakafuni pamoja na watoto. Mama alikuwa amefika ubeti wa tatu, na hakuna aliyemwomba aongeze sauti.